Ufunguo Shingoni mwa Wifi Gati

Wifi yangu Gati nampenda, lakini yule mwanamke ana jicho! Tangu kaka yangu Wanzagi akutwe na kisukari, ufunguo wa kabati la chakula anauvaa shingoni. Hata misibani hapa Butiama anakula naye sahani moja, anamchunga matonge.

Na sukari ikazidi kupanda! Kliniki wakamwambia kaka, isiposhuka watamlaza. Na hapo tunakaribia kupokea ng'ombe wa mahari ya binti yao, Gloria. Kaka akilazwa, wa kukagua ng'ombe ni mdogo wetu Makongoro. Makongoro huyo huyo aliyenunua ng'ombe kipofu mnadani Bunda, akatuambia ana aibu.

"Sijala kitu, Mama Gloria!" kaka akaapa, machozi yanamlengalenga.

"Basi unakulaga wapi? Kwa dada yako huyu?"

Kwangu! Jamani! Nikamwambia, wifi, kesho twende wote kliniki, ukanitaje mbele ya daktari.

Tukaenda. Nesi Euphrasia hata hakuuliza habari za chakula. Alimtazama kaka anavyong'aa ndani ya koti zito, na jua lile, akasema, "Baba, unapaka nini?"

Sasa hapo ndipo penye mambo yetu. Kaka ana pumu ya ngozi kwenye viwiko, akapewa dawa ya kupaka, ya tyubu. Na kwenye ukoo wetu, mzee anayengojea wageni wa mahari hapauki hata kidogo. Anapakwa samli toka utosini hadi kisigino. Basi ile dawa ikakorogwa humo humo kwenye kibuyu cha samli, ikiisha inanunuliwa nyingine dukani. Mwili mzima, kila jioni, halafu koti juu.

"Hiyo dawa ina steroidi," nesi akasema. "Ukipaka kidogo kwenye viwiko, sawa. Ukijipaka mwili mzima na kujifunika, inapenya mpaka kwenye damu, sukari inapanda hata kama hujala. Ila usiache ghafla, daktari atakupangia namna ya kupunguza. Nani anakupakaga?"

Kaka akamgeukia mkewe. Mimi nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke nje, nikakataa. Wifi akaangalia viganja vyake, akaanza kulia, kilio cha kweli. "Ningemuua mume wangu kwa mikono hii."

Kaka akamshika bega. "Ungeniua ninang'aa," akasema.

Siku ya ng'ombe ilimkuta nyumbani, sukari imeshuka. Alikaa mbele ya wageni amepauka uso mpaka miguu, akamkataa ndama mchechemeaji ambaye Makongoro alishaanza kumsifia mwendo. Wageni wakanong'onezana, huyu mzee hana mke wa kumpaka? Wifi aibu ikamshika, akakimbilia ndani kuchukua kibuyu cha samli. Kilikuwa kabatini, na kabati limefungwa. Akapapasa shingoni kwake, hamna kitu.

Ufunguo alikuwa ameuvaa kaka.