Mende wa Darini Walikuwa Wangu

Wale mende walikuwa wangu. Si wa mama, si wa jirani, si wa mtaroni. Wangu! Niliwafuga mwenyewe na kuwalisha karoti.

Wacheni nianze na vyura, mnielewe. Rafiki yangu wa Kwale aliniletea vyura watatu wa mitini, wale wadogo wa kijani wanaoganda kwenye kioo kwa vidole. Niliwapenda papo hapo. Fundi wa vioo wa Mwembe Tayari akanitengenezea sanduku refu, nikatandaza makumbi ya nazi chini, nikapanda majani, nikasimamisha matawi, juu nikafunika wavu. Hata maji yao nilikuwa nayalaza kwenye beseni kwanza, dawa ya mfereji itoke.

Mama alisimama mlangoni, amejiziba pua kwa leso.

"Na hawa wala nini?"

"Mbu tu, mama. Waingia wenyewe dirishani."

"Haya. Lakini dudu jingine lisiingie nyumbani mwangu. Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Mamangu ndiye mpishi wa pilau wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale. Harusi, hitima, maulidi, huitwa yeye. Sufuria zake huzisugua kwa jivu mpaka ujione uso. Na binti wa mwanamke huyo akafuga mende! Mbu hawakuwatosha vyura, nikawafugia mende wa kula kwenye ndoo darini, juu ya sebule, nikaifunika gunia. Ndoo ile ilinuka mafuta yaliyochacha. Nikiifunua nawakuta wamepandana, wengine watafuna maganda ya wenzao, nami natia mkono humo humo. Lo! Wakati ule sikuona kinyaa. Nakiona sasa, ninapoandika.

Dadangu akaja kuposwa. Wanawake wa upande wa mume wakaja kwetu, na mama, kama ada, akatembeza chetezo cha udi nyumba nzima, kisha akakiacha pembeni mwa sebule. Moshi ukapanda, ukapenya kwenye boriti, ukaingia darini.

Mende hawapendi moshi. Nani alinikumbusha?

Wakaanza kuteremka ukutani. Kisha wakawa wanaanguka, puu, puu, kwenye mkeka, kwenye sinia ya haluwa. Mmoja mnene, mwenye mayai nyuma, akamwangukia shangazi wa bwana harusi, akaingia shingoni ndani ya buibui!

Shangazi alimtoa kwa vidole viwili. Akafunika kikombe chake kwa kisahani, akatabasamu.

"Alhamdulillahi, tumeshiba."

Hawakuwa wameonja kitu.

"Wallahi," mama akasema, "nyumba hii haina mende. Sijui watoka wapi hawa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na birika la kahawa. Nilijua watoka wapi. Neno moja tu lingetosha, na aibu ingekuwa yangu. Nikanyamaza! Wageni walipoondoka nikapanda darini, nikaimwagia ndoo maji ya moto, nikaenda kuitupa jaani. Mtu wa kunioa mimi nani, hata niogope kuchekwa?

Posa haikuvunjika. Ulikuja ujumbe tu, kwa adabu zote: mama asijisumbue na jiko, apumzike, chakula cha harusi watakileta wao. Heri wangemtukana! Mwanamke aliyepikia harusi za wana wa watu miaka nenda miaka rudi, ya bintiye akakaa mkekani kama mgeni, akapakuliwa pilau kavu ya mpishi wa kukodi. Akala. Akaisifu.

Tangu hapo hakuna amwitaye. Sufuria zimefunikwa, na yeye kutwa yuko na ndoo na tambara, apiga deki, anusa pembeni, apiga tena. Juzi nilimkuta apangusa kioo cha vyura wangu.

"Afadhali hawa wako, mwanangu, ni wasafi," akasema. "Mimi sijui nilikosea wapi."

Hata hapo sikusema. Naandika kwenu kwa sababu kwake mdomo wafunga. Najitia kichefuchefu!

Ndugu zangu, ukileta uchafu, sema siku hiyo hiyo, hata kama ungali shingoni mwa mgeni. Mimi nilingoja, na sasa mamangu asugua nyumba iliyo safi.