Sahani ya Fundi wa Aonami

Bibi Fumiko alikuwa amegoma kula, na kama si ubishi wa Emerance tungekuwa tumemzika. Ulikuwa mwaka 2021, Sydney imefungwa kwa korona, na binti yake aliyezoea kuja kutoka Penrith kumlisha alizuiwa getini pamoja na wageni wote. Daktari wa makao yale ya wazee ya Minto alishasema: asipokula wiki hii, hospitali. Na kupelekwa hospitali mwaka ule, kwa mtu wa miaka themanini na mitatu, tulijua maana yake.

Emerance, mhudumu mwenzangu, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa na dawa moja tu, maneno. Akaulizia picha ya meli iliyokuwa juu ya kabati, na bibi akafunguka. Ilikuwa manowari ya Japani, Aonami, na baba yake alikuwa fundi wa mitambo humo. Akaisimulia tangu iliposhushwa majini: misafara iliyoisindikiza, kombora lililoikata pua, matengenezo yasiyokwisha, askari wenye njaa iliowaokoa visiwani. Mwaka 1944 ikang'oa nanga tena. Hapo bibi akasema mama yake aliendelea kumpakulia baba sahani yake kila jioni, hata vita vilipokwisha.

"Mungu amlaze mahali pema, Mama," Emerance akasema, maana kwetu maneno hayo hutoka yenyewe.

Bibi akageukia ukuta. Nani kamwambia baba amekufa? Siku hiyo hata maji aliyakataa.

Emerance aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Yeye, ambaye mama yake kule kambini alikuwa akimwekea ugali mwanawe Vénérand, kaka yake Emerance aliyepotea vitani, na ole wake aliyethubutu kumwita marehemu!

Kesho yake mchana akaingia na barakoa yake na sahani mbili za wali. Moja akaiweka mbele ya bibi, ya pili mbele ya picha. Meneja akachungulia kuuliza hiyo nyingine ni ya nani.

"Ni ya baba yake, boss. Please, usiitoe."

Bibi akaitazama sahani ile, akashika kijiko. Alipofika nusu akasema, "Ilizama Oktoba. Hakupona hata mmoja. Mama alijua, na mimi nilijua."

"Pole, Mama."

Safari hii aliipokea. Akamaliza wali wake, kisha akaisukuma sahani ya pili kwa Emerance. "Kula wewe. Yeye ameshafika."

Kuvua barakoa mle ndani kulikatazwa, basi Emerance akaenda kuila garini, analia huku anatafuna. Alipomaliza akampigia mama yake, akamwuliza kama bado anampakulia Vénérand sahani yake.

"Bado," mama akajibu. "Siku ukija, utaila wewe."