Alama ya Kutoa Katika Hesabu ya Kisulisuli

Stashahada yangu ya hali ya hewa imetundikwa sebuleni hapa Kigoma, na mgeni asiyeiulizia namwonyesha mwenyewe. Nilijisomesha Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiosha magari mtaa wa Umbilo siku zisizo na darasa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Mwaka wa mwisho nilifanya mafunzo kwenye kituo cha utabiri. Kila asubuhi puto lilipanda na vipimo vyake, likatuletea joto, unyevu na upepo wa kila kimo. Humo nilitoa namba mbili: nguvu ya hewa ya joto kupanda, na jinsi upepo unavyogeuka kadiri unavyokwenda juu. Nguvu bila mgeuko ni radi na mvua tu. Mgeuko bila nguvu si kitu. Unazizidisha. Jibu likiwa kubwa, ndipo unaanza kuhofia tornado, kile kisulisuli kinachong'oa mapaa.

Mama mmoja Mkongo, mwenye saluni chini ya flati yangu, alikuwa akimwoza binti yake Jumamosi, ndani ya hema kwenye bustani moja Westville. Ijumaa akaniuliza, "Mwana, kesho iko hatari?"

Nikachukua makadirio ya kesho, nikafungua kitabu, nikapiga hesabu palepale. Jibu likatoka na alama ya kutoa. Chini ya sifuri kabisa!

"Mama, cheza mpaka viatu viishe," nikatangaza mbele ya wateja wote.

Jumamosi asubuhi nikamwonyesha mtabiri wa zamu, nikingoja sifa. Akacheka hadi chai ikamwagika. "Kitabu chako kimeandikwa kaskazini ya dunia. Kwetu kusini dhoruba huzunguka upande wa pili. Alama ya kutoa ndiyo ya kuogopa! Umeona ukubwa wa namba yenyewe?"

Nikaiona. Nikatoka mbio, nikadandia taksi hadi kwenye hema Westville.

Mama alikuwa na roli za nywele kichwani. "Jana ulisema nicheze!"

"Cheza, Mama, lakini ndani ya kuta. Niliisoma hesabu kinyume."

"Eish! Na hiyo diplome watakupa?"

"Watanipa. Tuhamishe viti kwanza."

Akanitazama, akatazama anga safi, kisha akapiga makofi kuwaita wajomba wa binti. Kufikia saa sita kila sufuria ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa wa jirani, na nusu ya viti niliibeba mimi.

Saa tisa mvua ya mawe ikashuka. Upepo ukaliinua hema tupu, ukalitundika juu ya mwembe wa jirani. Tornado yenyewe haikufika. Hesabu ile huonyesha hatari, haiapi. Ndani, wageni walitia mawe ya barafu kwenye soda na bibi harusi akacheza bila kulowa hata ukosi.

Mama akashika kipaza sauti. "Huyu mutoto alikosea Ijumaa, akatengeneza Jumamosi. Mumupe nyama ya kwanza!"

Nilipewa paja zima. Watabiri wangapi wamelipwa hivyo?