Siku Tuliyokataa Kuhesabu Ng'ombe

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba ambacho viti vyake vyote havikunifika hata magotini. Anasomea ualimu wa watoto wa awali chuo kikuu, nami nilikuwa nimesafiri kutoka Tarime kwenda kumwona, na kibuyu changu cha maziwa mgando ambacho kondakta alikilalamikia njia nzima. "Bibi, hiki ndicho kituo chetu," akaniambia. "Hapa ndipo tunapojifunzia kufundisha." Watoto walikuwa wanapanga vibao vya rangi. Mbele yao alisimama binti mmoja, mwanafunzi mwenzake, na nyuma kabisa alikaa mkufunzi wake na karatasi mapajani, anaandika. Nikamwona yule binti anavyofuta viganja kwenye sketi. Nikaketi kwenye kiti cha mtoto, nikashindwa kuinuka. Mjukuu akadhani ni magoti. Haikuwa magoti, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka mwalimu wangu wa kwanza.

Usidhani kwamba watoto kusomea mahali ambapo walimu nao wanasomea ni jambo la juzi. Sisi wa kijiji cha Itiryo tulikuwa nalo miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, ila viti ndivyo havikuwepo. Ng'ambo ya kijito palikuwa na misheni, na misheni ilikuwa na nyumba ndefu ya bati ambamo wasichana kutoka pande mbalimbali za Jimbo la Ziwa walifundishwa ualimu. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na banda la nyasi lililokandikwa vizuri, la kwetu sisi ambao hatujafikia darasa la kwanza. Wakubwa waliliita darasa la mazoezi. Hatukujua kwamba mazoezi yenyewe ndiyo sisi.

Asubuhi zetu zilianzia zizini. Kazi yangu ilikuwa kuzoa mavi ya ndama kwa mikono, yakiwa bado na joto, na kuyarundika karibu na ukuta ambao mama angeukandika. Siku za baridi sikuiona kazi hiyo kuwa adhabu. Vidole vilipata moto. Kisha bibi, mama yake baba, aliyelala nyumba moja nami, alinipa kipande cha obokima wa jana, ugali wetu wa mtama na ulezi, na maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto. Ule ukali wa moshi kwenye maziwa nimeutafuta kwenye maduka yote ya mjini, sijaupata. Ng'ambo ya kijito mtu aligonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, nasi tukakimbia na midomo myeupe.

Walimu wetu walikuja na kuondoka. Kila msichana alipewa majuma kadhaa ya kutufundisha, kisha akaja mwingine. Wengi walituogopa kuliko sisi tulivyowaogopa wao. Mmoja alilia siku ya pili na hakurudi. Halafu akaja huyu ninayemkumbuka, msichana mrefu kutoka kisiwa cha Ukerewe, mwenye sauti nzito kidogo kama ya mvulana. Kikurya chake kiliishia kwenye salamu, nayo aliiharibu, tukacheka, naye akacheka zaidi yetu. Alikaa chini nasi kwenye mkeka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa chini nami kwa ajili ya kuniuliza ninawaza nini. Nilimpenda, sina neno lingine la kuweka hapo.

Alitufundisha kuhesabu, kwa Kiswahili tulichokuwa tumekiokota kwa walimu waliomtangulia. Tulihesabu vidole, kokoto, maharage, mpaka ishirini, halafu kurudi nyuma mpaka moja. Mimi nilikuwa hodari, nasema bila haya, kwa maana nimebaki peke yangu wa kunisifu. Jioni nilihesabu maharage ya bibi kabla hayajaingia chunguni. Bibi alinitazama, akasema maharage nihesabu tu, hayana pembe.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kwetu mtu hakuhesabu ng'ombe. Jioni baba alisimama kwenye lango la zizi na fimbo yake, wanyama wakapita mbele yake mmoja mmoja, akijua nani ameingia na nani amebaki mtoni, lakini idadi haikutoka kinywani mwake. "Ng'ombe hahesabiwi, anajulikana," bibi alisema. Ukimtaja kwa idadi, umemwita mauti aje kupunguza. Hilo nililinyonya pamoja na maziwa, na sikukumbuka kumwambia mwalimu. Nani angemwambia mtu mzima jambo ambalo hata ndama analijua?

Basi majuma ya mwalimu yakafika mwisho, ikabaki siku ya mkaguzi. Tulimjua mkaguzi, Mzungu mwenye soksi ndefu aliyekaa nyuma ya banda na kuandika. Msichana aliyemridhisha alipewa cheti cha ualimu, na asiyemridhisha alirudishwa kwao. Mwalimu wetu hakutuficha. "Mkifanya vizuri siku hiyo," alituambia, "nitakuwa mwalimu kweli, na nimeomba nibakie hapa hapa na ninyi." Nikaenda kumwambia mama kwamba mwalimu atabaki, kana kwamba imeshakwisha.

Kila mwanafunzi wa ualimu alitakiwa kufundisha kwa kifaa alichokitengeneza kutokana na vitu vya mahali pale. Wenzake walileta vijiti na vifuniko vya chupa. Wetu alifikiri sana, akatuangalia, akaona watoto wasiozungumza kitu kingine toka asubuhi ila ng'ombe. Akatupeleka kijitoni kwenye udongo mwekundu. "Kila mtu amfinyange ng'ombe wa kwao," akasema.

Jamani, tulifinyanga! Siku mbili nzima. Mimi nilimtengeneza yule ng'ombe mweusi wa baba, mwenye paji jeupe; weusi niliupata kwa masizi ya chungu na paji kwa majivu. Mtoto wa jirani yetu alimtengeneza fahali wao mwenye pembe moja iliyoelekea chini. Mwingine alimwekea wake kovu la fisi kwenye paja. Wengi walipasuka juani, waliobaki wazima mwalimu akawapanga juu ya ubao, na mtu yeyote wa Itiryo angepita pale angesema huyu wa fulani, huyu wa fulani. Mwalimu alipiga makofi kwa furaha. Maskini, alifanya kazi nzuri mno.

Siku ya mkaguzi alivaa gauni la kijani, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Tuliimba, tukakariri mashairi ya mvua, tukahesabu vidole vyetu, mkaguzi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha mwalimu akaondoa kitambaa juu ya ubao, na ng'ombe wetu wakaonekana, wamesimama kama wanaotoka malishoni.

"Haya watoto," akasema, "tuna ng'ombe wangapi hapa?"

Tukatazamana sisi kwa sisi.

Akadhani hatukusikia, akarudia. Nikatazama miguu yangu. Watoto wote walitazama miguu yao. Mtoto wa jirani alinong'ona kwa Kikurya, "Usiseme, watakufa." Mwalimu akacheka kidogo, akaanza mwenyewe kutuongoza, akanyoosha kidole kwa ng'ombe wangu mweusi: "Mmoja..." Watoto wawili wakaziba masikio. Mmoja akaanza kulia.

Mkaguzi aliinuka, nadhani alitaka kumsaidia. Akamchukua yule fahali wa pembe moja, akamficha nyuma ya mgongo wake, akauliza kwa Kiswahili chake, "Sasa wamebaki wangapi?" Hapo ndipo tulipopata sauti. Banda zima lilipiga kelele kwa Kikurya, tukamtaja fahali kwa rangi yake na mwenye fahali kwa ukoo wake, na mtoto wa jirani akamrukia Mzungu kwenye soksi amrudishe fahali wa baba yake. Tulikuwa tumelijibu swali, kwa namna ya kwetu. Mkaguzi hakujua Kikurya, wala mwalimu. Waliona watoto waliofundishwa majuma yote hayo na hawawezi kuhesabu wala kutulia.

Mwalimu alinigeukia mimi. Alichuchumaa mbele yangu, gauni likagusa vumbi, akasema taratibu, "Wewe unajua. Niambie wewe tu." Viganja vyake vilikuwa na jasho. Nilijua. Nilishawahesabu kwa macho kabla hata kitambaa hakijatulia, na hilo peke yake lilikuwa limeshanitia hofu. Nikamwona baba langoni na yule mweusi mwenye paji jeupe. Nikafunga mdomo. Mkaguzi akaandika mstari mmoja, akafunga daftari lake.

Jioni nilimsimulia bibi yote. Nilitaka aniambie nimekosea, ili nikimbie ng'ambo ya kijito nikaseme. Badala yake alinikumbatia, akaniita mtoto mwenye akili, akanipa malai ya maziwa, yale mafuta ya juu, ambayo kwa kawaida yalikuwa ya baba. Niliyala. Yalikuwa matamu, na nililia huku nayala.

Siku mbili baadaye mwalimu alifika kwetu na sanduku lake la bati kichwani. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuaga. "Shikamoo mama," akamwambia bibi, akapiga magoti. Bibi akaitikia, akamkamatia kuku, akauliza kupitia kwa mama kwa nini anaondoka mapema. Mwalimu akaeleza kwamba hakupata cheti kwa sababu watoto walishindwa kuhesabu ng'ombe. Mama akaacha kutafsiri. Walitazamana yeye na bibi, kisha bibi akasema maneno marefu, na mama akayafupisha: "Anasema hawakushindwa. Anasema ungetuuliza, tungekwambia ng'ombe hawahesabiwi."

Mwalimu alikaa juu ya sanduku. "Kwetu tunahesabu samaki," akasema. "Mtu haogopi." Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Baadaye alipokuwa anaondoka aliniita nimsindikize mpaka kwenye uzio. Akainama akaniuliza, sauti chini, "Kwa hiyo ulijua?" Nikaitikia kwa kichwa. Bibi alikuwa nyuma yetu, anamfunga kuku miguu. Mwalimu akafungua kiganja chake mbele yangu, akangoja. Niligonga kwa kidole, taratibu, mara kumi na moja. Akafumba kiganja chake kama mtu aliyepewa kitu, akanishika kichwa, akajitwika sanduku lake, akamchukua kuku wake, akaenda. Kama alipata kufundisha mahali pengine, sijui. Jina lake la ukoo sikulijua kamwe.

Banda lile liligeuzwa ghala la mtama mwaka uliofuata, halafu likaanguka. Nyumba ndefu ya bati ilihamishiwa kwingine, na mvua ya miaka mingi imesawazisha hata msingi. Wajukuu zangu wanahesabu kila kitu mpaka nyota, na wakiulizwa baba yao ana ng'ombe wangapi hutaja idadi kwa sauti, tena wakiongeza. Hakuna anayeweza kukuambia rangi ya hata mmoja. Bibi alishafariki, na lugha aliyonisifia kwayo nasikia watoto wa mjini wanaionea haya.

Ninalotaka kukwambia ni moja, na sikumwambia mjukuu pale kwenye kiti kidogo. Miaka miwili baada ya mwalimu kuondoka, ugonjwa wa mifugo uliingia kijijini kwetu. Yule mweusi mwenye paji jeupe alitangulia, kisha wengine wakafuata, mpaka baba akaacha kwenda langoni jioni kwa kuwa hapakuwa na wa kumngoja. Walikwisha wote. Na hao wa zizini hakuna mtu aliyekuwa amewahesabu.