Udongo Juu ya Jiko la Kioo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, sufuria ikishika masizi mnaitupa, mnataka nyingine. Kaeni mnisikilize. Mimi nilikaribia kukosa pa kulala kwa ajili ya jiko.

Vita vilitukuta Jinja. Sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wa jeshi lililoshindwa, tulisakwa kana kwamba kila mtoto wetu amezaliwa na bunduki mkononi. Nikakimbia na wanangu watatu hadi Mbale, kwa shangazi yangu wa Namatala. Mambo yalipotulia nikarudi, nikakuta nyumba yetu ina watu wengine, mlango wameshaupaka rangi. Nikapata kazi ya kupika mtaa wa Nalufenya, hapohapo Jinja, kwa madamu mmoja mwenye uwezo, pamoja na chumba cha uani. Kazi ikienda, chumba kimeenda.

Jiko lake lilitoka Ulaya. La umeme, juu kioo kitupu, cheusi. Hakuna aliyenionyesha. Kwetu, kabla sufuria haijapanda kwenye kuni unaipaka udongo chini, ili ukiosha, masizi yatoke na udongo. Asiyepaka tulimwita mchafu. Basi nikapaka, nikainjika maharage. Yakafurika. Udongo na mchuzi vikaungua pamoja, vikashika kioo kama saruji.

"Unapika na matope?" madamu akanifokea. "Haya ndiyo mambo ya kambi za jeshi! Kesho nina wageni. Jiko lisiporudi kama lilivyokuwa, nataka chumba changu."

Dereva wake, Mkenya, akachungulia dirishani. "Mama, leta mchanga na waya, sugua hiyo kitu!"

"Na kioo kikichubuka, utanipa chumba chako?"

"Changu kina kunguni, mama. Watawamaliza hao watoto."

"Basi nyamaza, kaniletee wembe."

Mchanga sikuugusa. Nikangoja kioo kipoe kabisa. Nikayeyusha magadi kwenye maji ya moto, nikalowesha kitambaa, nikafunika doa, nikakaa. Kukaa huko ndiko kulikonitesa, maana mwenye hasira anataka kusugua. Kisha nikashika wembe. Unaulaza, huusimamishi, unausukuma polepole. Doa likaanza kutoka magamba magamba. Kitambaa tena, wembe tena, mara nne. Mwisho nikapangusa kwa ndimu.

Asubuhi madamu akapitisha kidole juu ya kioo. Asante hakusema.

"Kumbe unaweza. Haya, utabaki. Lakini wageni wangu wakiwa hapa, wewe na watoto wako msiongee Kiswahili. Hicho cha wanajeshi, sikitaki nyumbani kwangu. Mkiulizwa, semeni nyinyi Wasoga, wenyeji wa hapa."

Na maneno hayo alikuwa akiniambia kwa Kiswahili! Kiswahili ndicho nilichoombea unga Namatala wanangu wakilia njaa. Nani niliyemuua nacho? Doa la jiko nilikubali, lilikuwa langu. Lakini wanangu si doa la kukwanguliwa ili wageni wasione.

Nikavua aproni, nikaiweka palepale juu ya kioo chake kinachong'aa, nikatoka uani. Binti yangu mkubwa alikuwa akifagia mlangoni.

"Mama, ametuachia chumba?"

"Ametuachia. Weka ufagio. Wewe funga godoro, wadogo zako wabebe masufuria. Tunarudi Namatala. Na njia nzima muongee Kiswahili, kwa sauti!"