Kikombe Chekundu cha Asidi

Wakaguzi wa usafi walisema wako wanne. Nilihesabu watano, nikahesabu tena, nikaweka viti vitano. Wa tano alikuwa mkubwa wao, ambaye hakujihesabu kati ya wanaofundishwa. Alibaki amesimama.

Nilikuwa mtunzaji wa pisini, bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni hapa Kamina, baada ya miaka mingi ya kuuza sabuni na javel ya kung'arisha nguo sokoni. Fundi mmoja wa Lubumbashi ndiye aliyenifundisha dawa za maji, na ofisi ya wakaguzi ikaomba niwaonyeshe. Mwisho wa siku mkubwa angeandika kama depo yangu ya dawa ni salama. Bila karatasi hiyo pisini ingefungwa, nami ningerudi kwenye meza ya sabuni.

"Mama," alianza, "sisi tulisomaka. Weye ulisomaka wapi?"

"Ku soko, chef," nilijibu, kama tunavyowaita wakubwa.

Wenzake walicheka. Yeye hapana. Aliinama juu ya maji, akapangusa macho.

"Kloro iko mingi. Macho inaniuma. Punguza."

"Iko kidogo, chef. Hii harufu njo ya kloro yenye imechoka na jasho na mikojo ya bantu benye kuogelea. Inafaa kuongeza."

"Unasema minyi nanuka mikojo?"

"Nasema maji, chef."

Nilitia matone ya kupimia kwenye kichupa. Maji yaligeuka waridi hafifu sana, alama ya kloro kidogo. Nikapima tena, rangi ileile. Akasema basi tuongeze nusu ya kipimo nilichotaka, kama tunauziana nyanya. Sokoni ningekubali. Pale nilisema hapana, na kuanzia hapo hatukuficha tena chuki yetu.

Ndani ya depo nilikuwa na vikombe viwili: chekundu cha asidi, cheupe cha unga wa kloro. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na nyumbani kwetu rangi nyekundu, inayosimamisha treni, haikubishaniwa. Niliwaeleza kwamba asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Na kwamba asidi na kloro zikikutana hutoa moshi unaochoma mapafu. Kwa hiyo vikombe havibadilishani kazi.

"Kikombe njo kikombe," mkubwa alisema. Akachukua kile chekundu, bado kina matone ya asidi chini, akakichovya kwenye ndoo ya kloro ili wenzake waone jinsi mama anavyowapotezea saa.

Nilimpiga mkono. Sikumgusa tu, nilimpiga. Kikombe kilianguka kwenye saruji na unga wake, kikachemka kidogo, moshi wa manjano ukapanda.

"Bote inje," nilisema. "Upande upepo inatokea."

Walitoka wakikohoa. Mkubwa alitoka wa mwisho, kwa sababu alijaribu kutembea kwa heshima.

"Unanipiga?" alisema alipopata pumzi. "Weye mama wa soko, unanipiga minyi, agent wa serikali?"

"Nilikupiga, chef."

Akatoa karatasi, akaandika kwamba mtunzaji amempiga agent kazini. Akanipa nisaini. Niliisoma mara mbili.

"Nitasaini. Ila ongeza kile kilikuwa mu mukono yako."

Akawatazama wenzake. Wanne, macho mekundu yote manane.

"Kikombe ya asidi, chef," mmoja alisema taratibu. "Tuliona bote."

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaandika nyingine: depo ni salama, vikombe viwili, kila kimoja na dawa yake. Aliondoka bila kuaga. Getini alimwambia mlinzi kwamba sina adabu.

Moshi ulipokwisha niliingia, nikahesabu vikombe. Kimoja. Nikahesabu tena. Kile chekundu kilikuwa kimepasuka hadi chini.

Nilifunga geti la pisini kwa mnyororo hadi nipate chekundu kingine. Kwa siku mbili wageni walininunia, karatasi ya usalama ikiwa imebandikwa mbele yao. Sokoni muuzaji alikuwa na kikombe cheupe tu, akanipunguzia bei kabla sijafungua mdomo. Nilikataa, nikaendelea kutafuta.