Kadi ya Verda Inaishia Kwenye Jiwe

Nimechoka kuulizwa. Kila anayekuja kununua mayai hapa kwangu anaegemea mlango, anaanza na habari za mvua, anazungukazunguka, mwisho anatoa lililomleta: eti ni kweli polisi walimkalisha Verda Sterner kando ya barabara na sufuria mapajani? Ni kweli. Basi naliandika mara moja, lisomwe, na kuku wangu wapate kula kwa amani.

Verda alizaliwa nyumba ya tatu kutoka mpakani mwa jimbo, upande wetu wa Pennsylvania, na hajawahi kulala nje ya wilaya hii zaidi ya siku mbili. Miaka thelathini na minne alishona kola za mashati kiwandani, mpaka kiwanda kikafungwa. Hadi leo ukikaa naye kanisani utamwona anakagua kola ya mtu aliye mbele yake na kutikisa kichwa. Ni mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe, na siagi yake ya tufaha, ile ya kupaka mkate, inaishinda yangu. Mimi si mtu wa kukiri mambo ovyo, lakini hilo nakiri.

Bastola ilikuja baada ya mumewe, Harlan, kufariki. Saa nne ya asubuhi, jua linawaka, mtu aliingia jikoni kwake, akampiga, akamvunja mkono, akaondoka na redio na pete ya Harlan. Mpaka leo hajulikani. Verda alikaa majira yote ya baridi hathubutu kwenda bandani kuchukua kuni. Kisha siku moja akaenda kwa sherifu, mkuu wa usalama wa wilaya, akajaza karatasi, akapigwa picha, akapewa kadi inayomruhusu kubeba bastola chini ya nguo. Akanunua ndogo, akaishonea mfuko ndani ya koti, ushonaji safi kiasi kwamba mchungaji akimkumbatia hagundui kitu. Tangu siku hiyo usingizi ukamrudia.

Shida ni dada yake. Leona Hoke aliolewa upande wa Maryland, jimbo jingine lenye sheria zake, maili tatu tu kutoka kwa Verda. Usidhani kuna ukuta katikati. Kuna jiwe la kale kwenye majani, na lami inabadilika rangi. Lakini kadi ya Verda inaishia kwenye lile jiwe. Upande wa pili hawaitambui, na ukikutwa na bastola mwilini utaenda kuwaeleza hakimu na mke wa hakimu.

Ndiyo maana sisi tunaziacha bastola kwa Clair Rohrbaugh, ambaye shamba lake ndilo la mwisho. Clair aliacha kukamua zamani, ila tanki la kupoozea maziwa bado lipo kwenye kibanda chake. Anayevuka mpaka anaitia bastola yake kwenye mfuko wa mkate wenye jina lake, Clair anaufungia ndani ya tanki, ufunguo anauvaa shingoni. Sharti lake ni moja: hasemi nani kaacha nini. Mke wa mtu akimuuliza, mchungaji akimuuliza, anajibu kuwa tanki lina maziwa.

Kila Jumatano dada hao wawili walikata tambi pamoja na kugombana.

"Leseni yangu ya gari inavuka," Verda alikuwa akisema. "Cheti changu cha ndoa kilivuka. Nikija kwako mimi ni mjane halali pande zote. Kwa nini kadi hii peke yake ndiyo ife njiani?"

"Kwa sababu huku kwetu hatuzitaki bastola zenu," Leona alijibu. "Mtu akiingia kwangu avue viatu. Kwake atembee navyo mpaka kitandani, shauri yake."

"Hukupigwa wewe, dada."

Hapo Leona alisogeza unga.

Mwaka jana Leona akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukawa mzito, na mwanawe, Dwight, akaona hawezi kukaa peke yake. Akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na Baltimore. Walipanga kuondoka Jumatano saa sita kamili, kwa kuwa kule wanapokea watu mapema. Verda haendeshi kwenye barabara kuu, anaogopa malori. Alijua fika kwamba akimkosa dada yake kabla ya saa sita, huenda mara ijayo wakaonana kanisani, mmoja wao akiwa ndani ya jeneza.

Jumatano hiyo alipika kuku na tambi pana, akachukua na chupa ya mayai ya kuloweka kwenye siki, yaliyokolea wekundu wa bitiruti, anavyopenda Leona. Akapita kwa Clair, akaacha mfuko wake. Saa tano na robo akavuka jiwe. Koti lilikuwa jepesi, na mkono wake wa kulia ukawa unalipapasa wenyewe, kama mtu aliyesahau miwani.

Hakufika mbali. Hatua mia mbili ng'ambo ya jiwe, taa za polisi wa Kettle Mills, mji wa upande wa Leona, zikamulika nyuma yake. Taa yake moja ya breki ilikuwa imekufa.

Sherifu alimfundisha vizuri: ukisimamishwa, mikono juu ya usukani, kisha toa kadi zote mbili pamoja, ya gari na ya bastola, askari asije akashtuka. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya wote, na askari hushukuru. Verda akatoa zote mbili, bila kufikiri.

Askari, kijana mmoja anaitwa Tolliver, akazisoma. Uso ukambadilika.

"Mama, iko wapi?"

"Nini?"

"Bastola."

"Sina."

"Kadi inasema unayo."

"Kadi inasema naruhusiwa. Leseni inasema naruhusiwa kuendesha gari. Ndiyo nimelibeba mfukoni?"

"Naomba ushuke, mama."

Akashuka. Akakalishwa kwenye ukingo wa barabara, akaikumbatia sufuria yake isipoe. Tolliver akafungua buti, akainua viti, akachungulia chini ya gurudumu la akiba. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alikuta pini mia moja na kitabu cha nyimbo.

Saa tano na dakika arobaini.

"Mwanangu, dada yangu anapelekwa mbali saa sita. Bastola iko kwa Clair Rohrbaugh, nyumba ile pale, unaiona. Mpigie."

Tolliver akapiga, simu akiwa ameiweka kwenye spika.

"Mzee, una bastola ya Bi Verda Sterner hapo kwako?"

"Tanki lina maziwa," Clair akasema.

"Clair!" Verda akapaza sauti. "Ni mimi! Mwambie!"

"Nitajuaje kuwa ni wewe?"

"Darasa la tatu, siku ya igizo la Krismasi, ulijikojolea ukiwa umevaa ngozi ya kondoo!"



"Nakuja," Clair akasema.

Akaja na trekta, kwa mwendo wa trekta. Akasimamisha gurudumu la mbele kabla ya jiwe, akainua juu mfuko wa mkate wenye jina la Verda. Tolliver akamfuata mpaka karibu na jiwe.

"Ulete hapa niukague," Tolliver akasema.

"Nikiuleta huko utanifunga. Njoo wewe."

"Huko sina mamlaka."

"Basi refusha shingo."

Tolliver akasimama upande wake wa lami, akarefusha shingo. Clair akafungua mfuko, akamwonyesha, akaufunga. Kijana akarudi, akamkabidhi Verda kadi zake.

"Samahani, mama. Siku nyingine ukiwa huku, hiyo kadi usiitoe."

"Yaani unanifundisha kuficha? Mimi nilidhani ninyi ndio mnaotaka tuseme kweli."

Tolliver akamshikia mlango wa gari.

Verda alifika kwa Leona saa sita na dakika thelathini na tano. Gari la Dwight lilikuwa linanguruma uani, masanduku yamepakiwa. Leona alikuwa kibarazani, amekumbatia nguzo kwa mkono wake mzima.

"Mama mdogo, mwambie aiache!" Dwight akalalamika. "Nimembembeleza kama mtoto!"

"Nimemwambia siondoki mpaka mdogo wangu aje," Leona akasema, ulimi ukiwa mzito. "Umechelewa, mshenzi wewe. Ulikuwa wapi?"

Verda akaeleza, huku akimlisha tambi. Kwenye kondoo, Leona akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akafuta mdomo na kutazama barabara.

"Kadi yako haiwezi kuja kwangu," akasema. "Mimi naweza kwenda kwako. Mimi natambulika pande zote."

"Mama, kule kuna bastola ndani ya nyumba!" Dwight akaruka.

"Na kwako kuna mbwa anayeuma watu. Nyamaza." Akamgeukia Verda. "Ila mimi nikiwa ndani, koti lako litundikwe mlangoni. Jikoni usiwe nalo."

Jikoni ndiko alikopigwa. Verda aliitazama sufuria muda mrefu, mpaka Dwight akazima injini. Mkono wa kulia ukagusa koti, ukakuta hamna kitu.

"Mlango wa jikoni," akasema. "Upande wa ndani. Niwe naliona."

"Upande wa ndani," Leona akakubali.

Dwight akahamisha masanduku mwenyewe, akinung'unika.

Sasa wewe uliyesoma. Chukua kalamu leo, kabla hujala, uwaandikie wakubwa wa jimbo lako. Waambie wakae na wenzao wa ng'ambo wakubaliane: ama kadi ivuke, ama waweke kibao kikubwa pale kwenye jiwe kinachosema kadi ipi utoe na ipi ufiche. Kisha uniletee hiyo barua niione kabla hujaituma, maana nawajua, mnaahidi tu.